Mawe katika figo: maji na chakula vinaweza kutulinda namna gani?

Kati ya maumivu yanayoweza kumwamsha mtu mwenye afya usiku na kumfanya alie kama mtoto, maumivu ya jiwe katika figo ni ya kwanza. Wengi waliozaa na pia kupata jiwe wanasema maumivu hayo yanafanana na ya uzazi. Ugonjwa huu unawapata wababa na wamama, wakulima na wenye kazi za ofisi, maskini na tajiri. Lakini si ajali tu. Sehemu kubwa ya hatari yake inatokana na kile tunachokunywa na kile tunachokula siku kwa siku.

Makala hii inaeleza jiwe la figo ni kitu gani, linajengwa namna gani, na familia ya Rutshuru au ya Goma inaweza kufanya nini kwa vitu vilivyo sokoni na shambani ili kupunguza hatari. Habari njema ni kwamba chakula kinacholinda figo hakitoki mbali. Kiko Kiwanja, kiko Rubare, kiko Vitshumbi. Mara nyingi ni kile wazee wetu walichokula.

Jiwe la figo ni nini?

Mungu ametupa figo mbili. Ziko mgongoni, chini ya mbavu, moja kuume na moja kushoto. Kazi yake ni kuchuja damu. Uchafu na maji yaliyozidi vinatoka kama mkojo, vinashuka katika mrija mwembamba mpaka kwenye kibofu, kisha nje.

Ndani ya mkojo kuna chumvi za namna nyingi zilizoyeyuka. Weka chumvi nyingi ndani ya kikombe kidogo cha maji, ukoroge, na utaona nyingine haiyeyuki, inabaki chini. Ndivyo inavyokuwa katika figo. Mkojo ukiwa mchache na mzito, zile chumvi zinashikana na kuwa chembe ndogo kama mchanga. Chembe zinakua polepole, na baada ya miezi au miaka zinakuwa jiwe.

Mawe hayako ya namna moja:

- Mawe ya kalsiamu, hasa kalsiamu pamoja na oksalati. Haya ndiyo mengi zaidi, karibu 8 kati ya 10.
- Mawe ya asidi ya yuriki. Yanapatikana zaidi kwa watu wanaokula nyama nyingi, walio wanene sana, wenye kisukari au wenye ugonjwa wa gauti.
- Mawe ya maambukizi. Haya yanajengwa na vijidudu fulani vinapokaa muda mrefu katika njia ya mkojo. Yanaweza kukua sana na kujaza figo.
- Mawe ya ugonjwa wa kurithi. Haya ni machache.

Chakula kinagusa zaidi namna mbili za kwanza. Kwa mawe ya maambukizi, jambo kubwa ni kutibu maambukizi ya mkojo mapema na kumaliza dawa zote zilizoandikwa.

Jiwe likikaa kimya ndani ya figo, mtu anaweza asijue kitu. Taabu inaanza linapoingia katika mrija. Mrija ni mwembamba; jiwe linauziba, mkojo unarudi nyuma, figo inavimba, na maumivu yanaanza.

Dalili, na wakati wa kukimbilia hospitali

Dalili za kawaida ni hizi: maumivu makali ya ghafula upande mmoja wa mgongo, yanayoshuka kuelekea tumboni chini na kwenye nyonga, maumivu yanayokuja kwa mawimbi, kichefuchefu na kutapika, mkojo wenye damu au wenye rangi ya chai, haja ya kukojoa kila mara. Mtu mwenye jiwe hawezi kutulia. Anasimama, anakaa, anajigeuza, na hapati namna ya kulala.

Jiwe dogo, chini ya milimita 5, mara nyingi linatoka lenyewe kwa siku au majuma machache, kwa maji na dawa ya maumivu. Jiwe kubwa linahitaji msaada wa hospitali.

Lakini kuna hali ambazo hazingoji hata usiku mmoja:

- Maumivu pamoja na homa au kutetemeka kwa baridi. Maana yake inaweza kuwa mkojo uliozibwa umeingiwa na vijidudu. Hali hii inaua.
- Mkojo umekatika kabisa.
- Mtu anatapika kila kitu, hata maji.
- Mgonjwa ni mama mwenye mimba, mtoto, au mtu mwenye figo moja tu.

Katika hali hizo mgonjwa apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya, na kutoka hapo kwenye hospitali yenye daktari: Hospitali Kuu ya Rutshuru, Rwanguba, au huko Goma hospitali kama HEAL Africa na CBCA Virunga. Kupima mkojo na kufanya ekografi kunasaidia kujua kama ni jiwe au ni jambo lingine, kwa maana si kila maumivu ya mgongo ni figo.

Neno moja kwa ndugu wetu wa vyumba vya maombi. Maumivu haya yanakuja ghafula na kwa nguvu, na watu wengi wanafikiri mara moja kwamba mgonjwa amelishwa sumu. Anapewa majani ya kutapisha, au anawekwa katika chumba cha maombi siku tatu. Kumtapisha mtu mwenye jiwe ni kumkausha maji zaidi. Tumwombee mgonjwa, ndiyo, lakini tumwombee njiani tukimpeleka hospitali.

Maji kwanza

Kama mtu angeweza kukumbuka neno moja tu katika makala hii, liwe hili: maji. Mkojo mwingi na mwepesi hauachi chumvi zishikane.

Katika Italia, waganga walifuata watu 199 waliopata jiwe mara ya kwanza. Kundi moja liliambiwa kunywa maji mengi mpaka mkojo ufike litre 2 au zaidi kwa siku. Kundi la pili liliendelea na maisha yake. Baada ya miaka 5, watu 27 kwa 100 wa kundi la pili walikuwa wamepata jiwe tena. Katika kundi la maji mengi ilikuwa 12 tu kwa 100. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1996, na hakuna dawa iliyotumika ila maji.

Daktari anashauri mtu aliyekwisha kupata jiwe atoe mkojo wa litre 2 na nusu kwa siku. Ili kufika hapo, mtu wa kawaida anahitaji kunywa karibu litre 3. Anayetoka jasho sana anahitaji zaidi. Asiyewahi kupata jiwe hahitaji kuhesabu sana, atazame rangi. Mkojo wa manjano hafifu, karibu na maji, ni mzuri. Mkojo wa manjano nzito ni sauti ya figo inayosema: niletee maji.

Hapa kwetu hesabu hii ina uzito wake. Kutoka Goma, kwenye metri karibu 1,500, barabara inashuka kuelekea Rutshuru, kisha bonde la Rwindi na Ziwa Edward, lililo kwenye metri 900 hivi. Joto linaongezeka kadiri tunavyoshuka. Mkulima anayelima tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane, kijana anayesukuma chukudu yenye magunia ya makaa, mvuvi anayekauka juani, mwendesha pikipiki anayeogopa kunywa ili asisimame njiani: wote wanapoteza maji mengi kwa jasho, na figo zao zinabaki na mkojo kidogo. Wamama na wasichana wengi nao wanajizuia kunywa sokoni au safarini kwa sababu hakuna choo kizuri. Tusiwacheke. Tujenge vyoo, hata kwenye viwanja vya makanisa yetu.

Na kuna shida ya maji yenyewe. Sehemu kubwa ya Goma na Nyiragongo imekaa juu ya mawe ya volkano; mvua inaingia ndani ya ardhi na visima ni vigumu kuchimba. Watu wanakusanya maji ya mvua au wanachota ziwani. Vita vilipofika Bunagana katika Juni 2022, na Rutshuru na Kiwanja mwisho wa Oktoba mwaka huo, jamaa nyingi zilikimbilia Kanyaruchinya na kambi nyingine karibu na Goma. Kanuni za kimataifa za msaada zinasema kila mtu apate angalau litre 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Familia ya watu 6 ingehitaji basi bidoni 4 na nusu za litre 20 kila siku. Ni nani aliyekuwa kambini asiyejua kwamba mara nyingi zilipatikana moja au mbili tu?

Maji yakiwa machache, ya kunywa yatengwe kwanza, kabla ya kufua na kuosha. Tuyachemshe au kuyatia dawa. Kwa mtu mzima mwenye kazi ya jasho, chupa mbili za litre moja na nusu zijazwe asubuhi na ziishe kabla ya jioni. Kikombe kimoja kabla ya kulala ni cha maana sana, kwa sababu mkojo wa usiku ndio mzito kuliko wote.

Angalisho: mtu mwenye ugonjwa wa moyo uliomvimbisha miguu, au ambaye figo zake zimekwisha kushindwa kazi, asiongeze maji bila neno la daktari wake.

Chumvi: adui aliyefichwa

Chumvi tunayotia katika chakula inatoka kupitia figo. Inapotoka inavuta kalsiamu pamoja nayo. Kadiri chumvi inavyozidi katika sahani, ndivyo kalsiamu inavyozidi katika mkojo, na ndivyo jiwe linavyopata vifaa vya kujengea.

Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Hesabu hiyo inaingiza chumvi yote, hata ile isiyoonekana. Na isiyoonekana iko wapi? Iko ndani ya vijiwe vya supu vinavyotiwa katika kila sombe na kila maharagi. Iko ndani ya makayabu na samaki waliotiwa chumvi ili wasioze. Iko ndani ya nyama ya mkebe na vitafunio vya pakiti.

Tufanye nini? Samaki wa chumvi alowekwe usiku mzima na maji yamwagwe mara mbili kabla ya kupika. Kama umetia kijiwe cha supu, usitie chumvi tena. Tumia kitunguu, nyanya, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ndimu kuleta ladha. Usiweke chumvi mezani. Ulimi unazoea kwa majuma machache. Familia nzima inafaidika, kwa kuwa chumvi nyingi inapandisha pia msukumo wa damu.

Usiache maziwa

Watu wengi wakisikia kwamba jiwe ni la kalsiamu, wanaacha maziwa na sambaza. Hata waganga wengine zamani walishauri hivyo. Uchunguzi umeonyesha kinyume chake.

Mwaka 1993, katika Marekani, ilitolewa habari ya wanaume 45,619 waliofuatwa miaka 4. Wale waliokula kalsiamu nyingi katika chakula walipata mawe machache kuliko wale waliokula kidogo. Mwaka 2002 Waitalia walipima jambo hilo kwa njia ya nguvu zaidi. Walichukua wanaume 120 waliokuwa wakipata mawe tena na tena. Nusu walipewa chakula chenye kalsiamu kidogo. Nusu walipewa kalsiamu ya kawaida, lakini chumvi na nyama vilipunguzwa. Baada ya miaka 5, katika kundi la kwanza watu 23 kati ya 60 walipata jiwe tena. Katika kundi la pili, 12 kati ya 60.

Sababu ni nyepesi kuelewa. Kalsiamu na oksalati zikikutana tumboni, zinashikana humo na kutoka kwa njia ya choo kikubwa. Kalsiamu ikikosekana tumboni, oksalati inabaki peke yake, inaingia katika damu, inafika kwenye figo, na huko ndiko inakokutana na kalsiamu. Ni heri zikutane tumboni kuliko katika figo.

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku. Gilasi moja ya maziwa inaleta karibu 300. Kwetu tuna maziwa, mashanza na jibini ya Masisi. Na asiye na pesa ya maziwa ana sambaza. Samaki hao wadogo waliletwa katika Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo ni chakula cha watu wa chini. Tunawala na mifupa yao, na kalsiamu iko ndani ya mifupa. Ndagala vilevile. Lakini kama wamekaushwa na chumvi, waoshwe kwanza.

Vidonge vya kalsiamu ni jambo lingine. Mtu asivinunue mwenyewe bila daktari. Hata vidonge vikubwa vya vitamini C, vya miligramu 1,000 kila siku, vinaweza kuongeza oksalati katika mkojo. Machungwa na mapera yanatosha.

Lenga-lenga na mboga nyingine za majani

Lenga-lenga ina oksalati nyingi. Majani na viazi vya mateke pia. Karanga, bitiruti na chai nyeusi vinazo kwa kipimo chake. Je, tuziache mboga zetu? Hapana. Mboga za majani zinaleta damu, zinaleta potasiamu na magnesiamu, na kwa watoto wengi ndiyo vitamini peke yake wanayopata. Mtu asiyewahi kupata jiwe aendelee kula lenga-lenga yake kwa furaha.

Mtu aliyekwisha kupata jiwe la oksalati afanye mambo matatu:

1. Achemshe majani katika maji mengi, amwage maji hayo, ndipo apike. Kuchemsha na kumwaga kunaweza kuondoa kati ya 30 na 87 kwa 100 ya oksalati inayoyeyuka, kulingana na mboga.
2. Ale mboga hizo pamoja na kitu chenye kalsiamu: sambaza ndani ya sombe, au gilasi ya mashanza pembeni. Wamama wetu wamepika sombe na ndagala tangu zamani, na walifanya vema.
3. Abadilishe mboga. Leo lenga-lenga, kesho kabichi, kesho kutwa majani ya maharagi au ya maboga.

Nyama kwa kipimo

Nyama ya ng'ombe, ya mbuzi, ya nguruwe, kuku na hata samaki wakizidi, mkojo unakuwa wa asidi, asidi ya yuriki inaongezeka, na sitrati inapungua. Sitrati ni kitu kizuri cha mkojo kinachozuia chembe zisishikane. Maini na figo za wanyama zinaongeza asidi ya yuriki zaidi.

Kwa jamaa nyingi za vijiji vya Rutshuru onyo hili si lao. Nyama inaonekana Krismasi na siku ya arusi. Ni kwa ndugu wa mji wanaokula mishikaki kila jioni pamoja na chumvi na kinywaji cha sukari. Kwa wao, kipande kidogo kama kiganja cha mkono mara moja kwa siku kinatosha, na siku nyingine maharagi yachukue nafasi yake. Maharagi ya Rutshuru yanalisha Goma yote. Ni utajiri ulio mbele yetu.

Soda, sukari na vinywaji vingine

Waganga wa Marekani walifuata watu zaidi ya 194,000 kwa miaka zaidi ya 8 kwa kadiri ya kati, na kutoa matokeo mwaka 2013. Waliokunywa kola yenye sukari mara moja au zaidi kila siku walikuwa na hatari ya jiwe iliyozidi kwa 23 kwa 100, wakilinganishwa na wale waliokunywa chini ya mara moja kwa juma. Kahawa na chai, kinyume chake, ziliandamana na hatari ndogo. Basi mkulima wa kahawa asiogope kikombe chake. Apunguze tu sukari.

Watu wengi wanauliza habari za bia, kwa maana katika mji inasemwa kwamba bia inayeyusha jiwe. Haiyeyushi. Ni kweli kwamba inaongeza mkojo, na pengine hapo ndipo neno hilo lilipotoka. Lakini maji yanaongeza mkojo bila kulewesha, bila kuongeza asidi ya yuriki, na bila kumaliza pesa ya shule ya watoto.

Ndimu na matunda

Ndimu na limau vina sitrati nyingi. Maji ya ndimu mbili, yakichanganywa katika maji ya kunywa ya siku nzima bila sukari, ni dawa ya bei ndogo kwa mtu ambaye sitrati yake ni kidogo. Hayavunji jiwe lililokwisha kukomaa. Yanasaidia lingine lisijengwe. Mwenye vidonda vya tumbo apunguze. Machungwa, maracuja, papai, ndizi na avoka navyo vinaleta potasiamu na kupunguza asidi ya mkojo.

Sahani nzima ndiyo inayolinda

Tumesema juu ya kitu kimoja kimoja, lakini mtu hali kitu kimoja. Katika miaka ya 1990 waganga wa Marekani walitengeneza mpango wa kula unaoitwa DASH ili kupunguza msukumo wa damu. Mpango huo una matunda na mboga nyingi, maharagi na karanga, nafaka zisizokobolewa, maziwa yenye mafuta kidogo, na chumvi, nyama nyekundu na sukari kidogo.

Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya kufuata makundi matatu makubwa: wanaume 45,821, wamama wa umri mkubwa 94,108, na wamama vijana 101,837. Wale ambao chakula chao kilifanana zaidi na mpango huo walikuwa na hatari ya jiwe iliyopungua kwa 40 hadi 45 kwa 100, wakilinganishwa na wale ambao chakula chao kilikuwa mbali nao. Tena walikuwa wakila oksalati nyingi zaidi kwa sababu ya mboga, na hata hivyo mawe yalikuwa machache. Watu hao walikuwa Wamarekani, wengi wao wazungu, na kufuata watu si sawa na kuwagawa kwa kura na kuwapima. Lakini makundi matatu yalisema neno moja, na linapatana na kile tunachojua juu ya kazi ya figo.

Tazama sasa sahani ya mzee wa Jomba au wa Bwisha: maharagi, ndizi au viazi vitamu, mboga za majani, mashanza, avoka, na nyama mara chache. Inakosa nini? Haikosi karibu kitu. Kilichotuharibu si sahani hiyo. Ni kuikimbia kwa ajili ya vita, au kuiacha kwa ajili ya mji.

Na watoto?

Watoto nao wanaweza kupata mawe, mara nyingine katika kibofu. Katika nchi nyingi, hata Ulaya ya zamani, mawe ya kibofu yalikuwa mengi kwa watoto wa maskini waliolishwa nafaka tu bila maziwa wala chakula kingine cha kujenga mwili. Chakula kilipokuwa bora, ugonjwa huo ulipungua sana. Hili linatuhusu. Mtoto aliyekimbia vita na anayekula uji wa mahindi au bugali mtupu asubuhi na jioni, huku akiharisha na kukosa maji, yuko katika hatari nyingi, na hii ni mojawapo. Tuchanganye katika uji wake soya au unga wa sambaza, tumpe maharagi yaliyopondwa, na maziwa yanapopatikana. Mtoto anayelia anapokojoa, au anayevuta sehemu zake mara kwa mara, apelekwe kupimwa.

Kufunga na kuomba

Makanisa yetu yanafunga, na ni vema. Lakini wengi wanafunga kikavu, bila chakula wala maji, siku tatu kwa mfano wa Esta, na wengine wanaongeza siku. Mwili usiopata maji unatengeneza mkojo mchache na mzito kabisa. Kwa mtu ambaye figo zake zimekwisha kujenga jiwe, huo ni mlango wa jiwe lingine. Joto la bonde na kazi ya shamba vinaongeza hatari.

Wachungaji wanaweza kusaidia kwa neno moja tu mbele ya mkutano: aliyewahi kupata jiwe, mwenye mimba, anayenyonyesha, mwenye kisukari na mzee dhaifu, wafunge chakula kwa kipimo chao lakini wanywe maji, tena bila haya. Kufunga si mashindano. Na anayefungua jioni aanze na maji, asianze na chakula cha chumvi.

Kwa aliyekwisha kupata jiwe

Karibu nusu ya watu waliopata jiwe wanapata lingine ndani ya miaka 10 kama hawabadili kitu. Kwa hiyo maumivu yakiisha, kazi haijaisha. Kojoa juu ya kitambaa safi au kichujio ili ulipate jiwe likitoka, na ulipeleke kwa daktari. Namna ya jiwe ndiyo inayoonyesha namna ya kujilinda. Usitumie dawa za maumivu kwa muda mrefu bila kuuliza, kwa sababu nyingine zinaumiza figo zenyewe. Usinywe majani yasiyojulikana kwa ahadi ya kwamba yatavunja jiwe. Na usiamini kwamba jiwe lilitokana na kokoto zilizobaki katika maharagi au vumbi la volkano. Kokoto inapita tumboni na kutoka. Haina njia ya kufika kwenye figo.

Kwa ufupi, kila siku: maji mpaka mkojo uwe mwepesi, chumvi kidogo, maharagi, mboga na matunda, maziwa au sambaza, nyama kwa kipimo, soda iwe ya sikukuu. Vyama vya wamama vinaweza kufundisha mambo haya kwa kupika pamoja siku moja, kwa sufuria moja bila kijiwe cha supu, na watu waonje wenyewe. Na kila kanisa liweke pipa la maji safi yenye bomba na vikombe mlangoni, kwa ajili ya mtu aliyetembea saa mbili juani kuja ibadani. Ni kazi ndogo, nayo inaweza kumwokoa ndugu na usiku mmoja wa maumivu makali.